Kibanda cha vitabu chini ya ngazi, Kikuubo: funua nyuma kabla hujalipa

Nauza vitenge Kikuubo, mtaa wa biashara hapa Kampala, mwaka wa 11 huu. Asubuhi hakuna kupumua, wateja wa Arua na wa Bunia wanataka marobota yafungwe upesi wawahi mabasi. Ikifika saa nane mchana nabaki mimi na nzi, na simu nayo inamaliza bando na macho. Ndipo jirani yangu wa mabegi akanielekeza kwa mzee anayeazimisha vitabu chini ya ngazi za akedi moja (jengo la maduka), ukiteremka kuelekea paki ya zamani ya teksi. Kibanda hakina jina na mwenyewe hataki kukipa. Nimekwenda pale miezi minne, nimesoma vitabu tisa, kwa hiyo na mimi nina la kusema.

Bei kwanza. Dhamana ni shilingi 30,000, unarudishiwa siku ukiamua kuacha. Kitabu kimoja 3,000 kwa wiki. Ukichelewa ni 500 kila siku, na hasamehi hata mvua ikiwa imefunga njia. Asiye na 30,000 anaacha kitu: kuna kopo la biskuti limejaa saa za mkononi, simu za batani na vitambulisho vya taifa vya watu. Kwenye vitambulisho nilimwambia wazi, "Mzee, hili si zuri." Akanijibu, "Mama, saa mtu ataisahau. Kitambulisho lazima akirudie." Sawa, lakini si zuri hata hivyo. Nyinyi acheni pesa.

Mzee huyu ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, kimenyooka kama fimbo. Vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza, vya Kiswahili robo rafu. Tangu mtaala mpya wa 2020 ulipokifanya Kiswahili kuwa lazima mwanzo wa sekondari, wazazi hupita kumuulizia vitabu vya sinia wani (mwaka wa kwanza wa sekondari), naye huwaambia hapa hakuna mtihani. Hapangi vitabu kwa lugha wala kwa jina la mwandishi. Anapanga kwa dhambi. Amekata maboksi ya sabuni akaandika kwa kalamu nene: WIVU, TAMAA, UZINZI, UUAJI, KIBURI. Ukimtajia jina la kitabu atakukodolea macho tu. Mwambie unataka mtu aliyeponzwa na tamaa, mkono unakwenda wenyewe gizani (taa hana, nendeni na tochi). Kuna na rafu fupi ya WEMA. Ina vitabu vinne, kimoja cha mapishi.

Mwanzoni nilicheka. Mwezi wa pili tukaanza kugombana.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne, ya mwaka 1850, ambayo ameipachika UZINZI. Hester Prynne, katika Boston ya Wapuritani, Wakristo wakali wa dini, amezaa na mume hayupo. Wanamsimamisha jukwaani na kichanga mikononi, na wanamhukumu avae herufi A nyekundu kifuani. Haya, uzinzi upo. Lakini mimi ni mtu wa nguo, jicho langu lilikwenda kwenye herufi yenyewe. Huyu mama hakukata kipande cha kitambaa akakishikiza basi. Aliitarizi kwa uzi wa dhahabu, nakshi juu ya nakshi, mpaka mmoja wa wanawake waliokuja kumsimanga anakiri kwamba sindano anaijua. Baadaye mji uleule uliomsukuma pembeni unamletea kazi. Anamshonea gavana, anashonea watoto wachanga, anashonea hata maiti. Kitu kimoja hawakumletea kamwe: shela ya bibi harusi. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu juu ya robota, nikakaa. Wateja hao nawajua. Mtaani kwetu yuko mama mmoja, sambusa zake tunazinunua wote, lakini kukiwa na harusi hakuna anayemwita jikoni.

Na mwanamume? Mchungaji Dimmesdale yuko mimbarini, anahubiri watu wanalia, na kila akijiita mwenye dhambi ndivyo wanavyozidi kumwona mtakatifu. Miaka saba hiyo, mwanamke amevaa herufi peke yake. Nikamwambia mzee kitabu hiki kihamie UNAFIKI. Akasema rafu hiyo hana, na maboksi yamekwisha.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert iko WIVU, na majina yenyewe yanamtetea: ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu, utabisha nini. Wanageuzwa manyani kwa ubaya waliomfanyia ndugu yao. Ila mimi anayenisumbua ni Adili. Kila usiku lazima awachape manyani wale, kisha anawafuta machozi, naye mwenyewe analia. Mwenye jina la haki ndiye mwenye kiboko. Hilo mzee alisema atalifikiria.

Kwenye WEMA amesimamisha Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao Mwana Kupona mwenyewe alimtungia bintiye mwaka 1858. Utamu wa mashairi sibishi, nimeyasoma kwa sauti dukani. Lakini mle binti anaambiwa kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa: akitaka mke aende peponi, ataenda, akitaka motoni, atapelekwa. Mimi nilishaachwa mara moja. Nikimkumbuka yule bwana ameshika ufunguo wa pepo yangu, naomba niletewe kile cha mapishi.

Sasa lalamiko langu. Kwenye UUAJI nilichukua Crime and Punishment ya Dostoevsky, ya 1866, nene kama tofali. Raskolnikov, mwanafunzi aliyeacha chuo kwa ukata, anampelekea bibi mkopeshaji saa ya baba yake kuiweka rehani. Bibi anakubali rubli moja na nusu. Kabla hajaitoa anakata kopeki 15, riba ya mwezi ambao haujaanza, na nyingine 20 kwa deni la nyuma, kijana anaondoka na rubli moja na kopeki 15. Niliipiga hesabu hiyo kwenye kikokotoo cha duka. Ni asilimia 10 kwa mwezi, inakatwa mbele, ileile niliyokopeshwa mimi mwaka ule mzigo wangu ulipokwama mpakani. Basi shoka lilipoinuka, na hili naliandika kwa aibu, sikumhurumia bibi. Kisha anaingia Lizaveta, mdogo wake, asiye na ubaya na mtu, saa ambayo hakutakiwa kuwepo, naye anauawa. Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikaenda kununua maji. Kijana alikuwa na nadharia yake kwamba wako watu wakubwa walioruhusiwa kupita juu ya damu. Hiyo ni KIBURI, mzee, si UUAJI, na nitalisema tena nikija.

Nikasoma wiki mbili, nikafika karibu na mwisho. Sonya, binti ambaye kijana amemwungamia siri yake, amemwambia aende njia panda, apige magoti, abusu ardhi, awaambie watu wote kwamba ameua. Anakwenda. Anapiga magoti, anabusu tope la watu, wapita njia wanacheka wakidhani amelewa, nageuza ukurasa, nakuta jalada. Zimeng'oka zote! Mchana mzima nimeachiwa muuaji amepiga magoti sokoni na sijui kama atainuka.

Nilimrudishia mzee nikiwa nimefura. Hakushtuka. "Mama, kwani huku mjini umeshamwona nani akikiri?" Kisha akasimama, akanisimulia mwenyewe, na mteja mwingine akisubiri: kijana anapanda ngazi za polisi, anashindwa, anatoka, anamkuta Sonya amesimama uani, uso hauna damu, anageuka na kupanda tena. Alisimulia vizuri, hata yule mteja alisahau alichofuata. Lakini mimi nililipia kitabu kizima. Tukavutana, akanirudishia 1,000 na faini ya siku mbili akaifuta, jambo ambalo jirani wa mabegi hakuniamini.

Kwa hiyo nendeni, pale kuna vitabu ambavyo madukani vingekugharimu mara kumi, ila funua nyuma kwanza, hesabu kurasa, ndipo utoe pesa. Ijumaa anafunga saa sita mpaka saa tisa, Jumapili hayupo. Jana nilipita. Dostoevsky bado yuko UUAJI, bado hana mwisho, ila ndani ya jalada la nyuma mzee amebandika karatasi ya daftari, kwa kalamu ileile nene: ALIKIRI. MIAKA 8, SIBERIA. SONYA ALIMFUATA.