Canon EF 50mm f/1.8 STM: bei nafuu, picha kali, ila pima chumba kwanza

Mwenye Canon 1300D, 2000D au 250D akilalamika kuwa picha zake za ukumbini usiku zimejaa chenga, mara nyingi kamera haina kosa. Kinachombana ni lenzi ya 18-55mm aliyouziwa nayo: ukiivuta hadi 55mm, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii lenzi ya 50mm hufunguka hadi f/1.8, na mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Picha iliyodai ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ikipanda, chenga huongezeka) inapigwa kwa ISO 640 hivi, kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ikibaki ileile. Kwa miaka mingi mpya iliuzwa takriban dola 125 za Marekani, na kwa pesa hiyo hakuna kifaa kingine cha Canon kitakachobadilisha picha zako kiasi hicho.

Wengi hukwama kwenye nafasi. Sensa ya kamera hizi ina upana wa 22.3mm tu, kwa hiyo 50mm inabana kama 80mm kwenye kamera ya fremu nzima (yenye sensa kubwa ya upana wa 36mm). Mtu mzima aliyesimama, ukitaka utosi hadi viatu na nafasi kidogo juu na chini, utarudi nyuma mita 4.5. Familia iliyojipanga kwa upana wa mita 3 inadai karibu mita 7. Sebule ngapi zina urefu huo? Utaishia mgongo ukutani, na bado shangazi wa pembeni kakatwa bega.

Kabla ya kulipa, basi, weka ile 18-55 kwenye 50mm hivi, ifunge kwa seloteipu isizunguke, uifanyie kazi wikendi nzima. Mkono ukiwasha kila mara kuibandua, nunua EF-S 24mm f/2.8 STM badala yake. Familia ileile itaenea ukiwa mita 3.2 hivi, ingawa mwanga utapungua kwa zaidi ya nusu, na lenzi hiyo haifai kamera za fremu nzima utakapopanda daraja.

Kwa picha ya mtu mmoja, kiunoni kwenda juu, 50mm ni tamu kweli. Lakini ujue hesabu yake: ukiwa mita 1.5 kwa f/1.8, eneo linalotoka kali lina kina cha sentimita 6 tu. Ndiyo maana picha za wanaoanza huwa na jicho moja kali na jingine limefifia. Bwana na bibi harusi wakikaa mmoja nyuma kidogo ya mwenzake, rudi mita 2 na ufunge tundu hadi f/4; hapo unapata kama sentimita 24.

Usiiachie kamera ichague pointi ya fokasi, maana hupenda kilicho karibu, na mara nyingi hicho ni pua au shada la maua. 1300D na 2000D zina pointi 9, na ya katikati ndiyo pekee yenye umbo la msalaba, yaani inasoma mistari ya wima na ya mlalo. Gizani, zile za pembeni hubahatisha. Chagua ya katikati, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, na ukishashika fokasi usigeuze kamera sana. Kwa aliyetulia, tumia skrini ya nyuma: ni polepole, lakini haikosei ovyo. Lenzi haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na kwa wanaocheza muziki anzia 1/250.

Ukali wa picha kwa f/1.8 ni wa wastani, na gauni jeupe juani huota ukingo wa zambarau. Kwa f/2.8 mambo hunyooka; f/4 hadi f/5.6 ndipo inapong'ara.

Toleo la zamani, lile la II la mwaka 1990, bado linauzwa mitumba. Kioo kimepangwa vilevile, ila kitako chake cha kushikana na kamera ni cha plastiki, injini inapiga kelele, na mapanga ya tundu ni 5 dhidi ya 7 ya STM, lenzi yetu hii, hivyo taa za nyuma hutoka na pembe. Punguzo likiwa dogo, chukua STM. Filta zake ni za 49mm. Za 52mm ulizonazo hazitaingia.

Udhaifu mkubwa wa STM ni mrija wa mbele, unaotoka nje inapofokasi. Ukiusukuma kwa nguvu au ukigonga meza, gia za ndani huruka na fokasi hugoma. Fokasi mbali kabisa kabla ya kuzima kamera, mrija urudi ndani, na uifunge kinga ya mbele (hood) ya ES-68 ipokee kipigo. Ukinunua mtumba, piga kitu cha karibu kisha cha mbali mara kadhaa ukisikiliza mkwaruzo, halafu mulika tochi ya simu kutokea nyuma. Nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu, adui wa kudumu wa vifaa vya pwani. Iache hata kama bei ni ya kutupa.

Wenye Nikon D3500 au D5600 watazame AF-S DX 35mm f/1.8G. Wasidanganywe na 50mm f/1.8D kwa urahisi wake: inategemea injini iliyo ndani ya kamera, na kamera hizo hazina, hivyo fokasi yote itakuwa ya mkono.