Jioni Nane za Kujifunza Kurudi kwa Yesu: Tathmini ya Mafunzo ya Uinjilisti Niliyoyahudhuria Kisauni

Kwa muda wa wiki nane, kila Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, nilivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani kwenda Kisauni kuhudhuria mafunzo ya kurudi kwa Yesu mara ya pili na wito wa uinjilisti, yanayotolewa na kanisa moja la huko. Ada yake ni shilingi 500, nayo inagharimia kijitabu cha masomo chenye kurasa 60 pamoja na chai na mahamri katikati ya kipindi. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa sababu ninazo lawama mbili tatu za kutoa, na pia kwa sababu mafunzo ya namna hii yanapatikana katika makanisa mengi ya Mombasa, nami ningependa anayefikiria kujiandikisha popote pale ajue la kuangalia kabla hajatoa pesa yake na, lililo zito zaidi, kabla hajaikabidhi imani yake kwa mwalimu.

Nakiri kwamba nilikwenda na hofu. Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na hatimaye kutoa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kujinyima chakula mpaka kufa kungewafikisha kwa Yesu, mtu wa Pwani akitamka maneno "siku za mwisho" wanaomsikiliza hutazamana. Mama mkubwa, ambaye ninaishi kwake, aliponiona nikitoka na Biblia na kijitabu kwapani, aliniuliza swali moja tu: "Huko mnafunga?" Nilimjibu kwamba tunakunywa chai na mahamri, naye akaniruhusu nipite.

Mwalimu wetu mkuu, mwinjilisti mstaafu ambaye sote tulimwita Mzee, hakulikwepa jambo hilo hata dakika moja. Jioni ya kwanza alitusomesha kwa zamu Mathayo 24:36, kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Watu zaidi ya ishirini tukausoma mmoja baada ya mwingine, hadi ukatuingia masikioni kama kengele. Kisha akatupeleka Wathesalonike. Huko niliona jambo ambalo kwa miaka yote ya kwenda kanisani sikuwa nimelitambua: barua zile mbili, ambazo ndizo zinazosema wazi sana juu ya Bwana kushuka kutoka mbinguni, ndizo pia zinazowakemea watu walioacha kazi zao, na Paulo anawaamuru watulie, wafanye kazi na wale chakula chao wenyewe. Tumaini la kurudi kwa Kristo liliandikwa liwafariji waliofiwa, wala halikuandikwa limtoe mtu shambani, limtenge na wanawe au limzuie kula. Mzee aliongeza 1 Timotheo 4, panapowataja waalimu wa uongo wanaowazuia watu wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula, akafunga Biblia na kutuambia kwamba kama waliopotelea msituni wangesomewa kurasa hizi kwa utulivu, huenda baadhi yao wangekuwa hai. Baada ya hapo sikuwa na hofu tena ya mahali pale.

Masomo mawili yaliyofuata yalihusu yale ambayo Wakristo wote wanakubaliana na yale ambayo wanatofautiana. Kanuni ya Imani ya Nikea, inayokaririwa na Wakatoliki na Waanglikana wanaosali katika makanisa yao makuu mawili ya barabara ya Nkrumah, inasema kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na hapo hapana mzozo. Mzozo uko katika ile miaka elfu ya Ufunuo 20: wapo wanaoamini kwamba Kristo atarudi kwanza ndipo atawale miaka hiyo, wapo wanaotazamia kwamba injili itaustawisha ulimwengu kabla hajarudi, na wapo wanaofuata njia ya Augustino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, wanaosema kwamba miaka hiyo ni mfano wa wakati wa Kanisa tulio nao sasa. Mzee mwenyewe anaamini unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Kristo, na dhiki kuu, yaani kipindi cha mateso makali kabla ya mwisho, kama walokole wengi wa hapa kwetu, lakini alizieleza njia zote tatu kwa haki kiasi kwamba Mkatoliki aliyekuwa ameketi karibu nami alitikisa kichwa kwa kuridhika. Uadilifu wa namna hii ni nadra, na ndio ningeutafuta kwanza kama ningekuwa naanza upya.

Somo la nne ndilo lililonifanya niyathamini mafunzo haya kuliko mengine yote niliyowahi kuhudhuria. Mzee aliandika ubaoni tarakimu 1844, akausimulia mwaka huo kutoka pande mbili za dunia. Huko Marekani, mkulima aliyegeuka mhubiri, William Miller, alikuwa amepiga hesabu kwa kutumia zile siku 2,300 za Danieli 8:14, na hatimaye maelfu ya waliomfuata wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya Bwana kurudi. Wako walioyaacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Siku ilipambazuka, ikachwa, nao wakabaki wanalia.

Mwaka huohuo, hapa Mombasa, alishuka Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, jambo ambalo nadhani Wakristo na Waislamu wa mji huu tungepaswa kulikumbuka mara nyingi zaidi. Mwezi wa Julai homa ilimchukua Rosina, kisha mtoto wao mchanga, na kaburi lao lingalipo upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Krapf naye alikuwa hoi kitandani, lakini hakurudi kwao. Miaka miwili baadaye alifika mwenzake, Johannes Rebmann, wakapanda pamoja kwenda kufungua kituo cha Rabai.

Mzee alitupa na kipande ambacho wengi hukiruka. Krapf alizaliwa Württemberg, ambako karne moja kabla yake mwanazuoni Bengel alikuwa amekadiria kwamba mambo makuu ya mwisho yangetimia mwaka 1836. Mwaka huo ulipita kama miaka mingine, na uliofuata, 1837, Krapf alifunga safari kwenda Uhabeshi (Ethiopia ya leo), nchi aliyoanzia kabla ya kufika kwetu. Sote tulinyamaza darasani. Mama mmoja anayeuza samaki Kongowea ndiye aliyevunja kimya kwa kusema kwamba basi hesabu zilikosea lakini safari haikukosea, na Mzee akamwomba ayarudie maneno hayo ili tuyaandike.

Kutoka hapo uinjilisti haukuwa tena somo la pili lililobandikwa nyuma ya lile la kwanza. Tulisoma Matendo 1 kwa mfuatano wake: wanafunzi wanauliza juu ya wakati, Yesu anawaambia kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira, bali watapokea nguvu na kuwa mashahidi wake mpaka mwisho wa nchi, kisha, wakiwa bado wamekodoa macho juu, wanaulizwa mbona wamesimama wakitazama mbinguni. Tulisoma pia 2 Petro 3:9, kwamba Bwana hakawii kuitimiza ahadi yake kama wengine wanavyodhani, bali huvumilia, maana hapendi mtu yeyote apotee. Nimeisikia aya hiyo ikitumiwa kuwatisha watu. Hapa ilifunuliwa kama ilivyo, kwamba kila siku anayoiongeza Bwana ni siku ya mlango kubaki wazi, na aliyekwisha kuingia ana jukumu la kumwita aliye nje.

Zoezi la nyumbani la wiki ya tano lilikuwa bora kupita yote. Kila mmoja wetu aliagizwa aende kwa jirani Mwislamu, amwulize kwa adabu anachokiamini juu ya kurudi kwa Nabii Isa, asikilize mpaka mwisho bila kubishana, kisha aandike. Mimi nilikwenda kwa bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyenijua tangu utotoni. Alinieleza kwamba Isa bin Mariamu atashuka kabla ya Kiyama na kumshinda Dajali, yule mdanganyifu mkuu wa siku za mwisho, akanieleza kwa kirefu na kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa na jirani zake Wakristo. Alipomaliza alinitazama akasema, "Na wewe, mwanangu, wasemaje?" Miaka yote hiyo nilikuwa nikitafuta namna ya kumshuhudia bibi huyu bila kumvunjia heshima, na mlango aliufungua yeye mwenyewe. Nilimweleza kwamba sisi tunamngoja yule aliyesulubiwa akafufuka, na kwamba atakayetuhukumu ndiye aliyekufa kwa ajili yetu. Hakukubali, wala sikutarajia akubali siku hiyo. Aliniongezea kahawa na tukaendelea kuzungumza. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, lakini kwa upole na kwa hofu, na sikuwa nimewahi kuelewa kwamba aya hiyo inamtaka mtu aishi hivi kwamba aulizwe.

Kwa sababu hiyo zoezi la Jumamosi ya wiki ya sita lilinihuzunisha. Liliongozwa na kijana mwingine wa kanisa, wala si Mzee, nalo lilikuwa kuhubiri kwa spika nje ya soko. Spika ilielekezwa upande wa msikiti, na adhana ya adhuhuri ilipoanza hakuna aliyeizima spika yetu. Wachuuzi walituangalia kwa subira ambayo hatukuistahili. Nilimweleza kiongozi kwamba tumekwenda kinyume cha tulichofundishwa darasani, naye alinijibu kwamba muda umekwisha na watu wanapotea. Naamini kweli kwamba muda ni mfupi, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wakifukuzwa mlangoni na haraka yetu. Jirani mmoja aliyesikilizwa vizuri ni bora kuliko soko zima lililopigiwa kelele.

Lawama ya pili ni ya wiki ya saba, alipokaribishwa mwalimu mgeni aliyebandika ukutani chati kubwa iliyounganisha mihuri na baragumu za Ufunuo na vita na magonjwa ya habari za mwezi ule. Hakutaja mwaka wa Bwana kurudi, lakini mishale ya chati yake iliutaja kwa niaba yake. Ni ajabu kwamba kanisa lililotufundisha habari za mwaka 1844 kwa uangalifu ule liliweza, wiki tatu baadaye, kumwachia mtu ubao kwa saa mbili bila kumwuliza swali. Mzee hakuwapo jioni hiyo kwa kuwa aliugua. Alhamisi iliyofuata, aliporudi, aliitazama chati iliyokuwa bado ukutani, akaturudisha Mathayo 24:36, na safari hii aliisoma yeye peke yake.

Kuhusu kijitabu sina mengi. Masomo yake ni mazuri na maandiko yanafuata tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tuliikariri utotoni, lakini kimetolewa fotokopi mara nyingi mpaka herufi zimefifia, na kurasa mbili za sala zilikosekana katika nakala yangu. Muda wa kumalizia nao unawaumiza wanaotoka Likoni, hasa akina mama, kwani wanalazimika kupanda matatu mbili na kuvuka feri usiku. Wawili waliacha kuja baada ya wiki ya tatu kwa sababu hiyo, na kwa mafunzo yanayohusu kuwafikia watu sioni ugumu wa kuanza saa kumi.

Pamoja na hayo, namshauri Mkristo yeyote wa Mombasa anayeogopa somo hili tangu Shakahola ayahudhurie, mradi aulize kwanza kama Mzee ndiye atakayefundisha, na kama ataruhusiwa kuuliza maswali. Aende na Biblia yake mwenyewe, kwa maana za kanisa hazitoshi, na daftari la zoezi la wiki ya tano. Mimi nimejiandikisha tena kwa kundi lijalo, safari hii pamoja na mama mkubwa, aliyesema anataka kumwona huyo Mzee kwa macho yake na kusikia anavyoisoma aya ile.