Flash ya soul za zamani pale Mwembe Tayari: nyimbo tamu, sura si yake

Wapenzi wa soul za zamani, jumamosi nlipita kibanda kimoja Mwembe Tayari, Mombasa, wanakojaza watu nyimbo, nkachukua flash ya GB 16 kwa shilingi 1,000. Nkamwambia kijana anitilie nyimbo za Bobby Caldwell, mwimbaji wa soul wa Marekani, zote alizonazo, kwengine ajaze atakavyo, na taarab za mama asisahau manake gari si yangu peke yangu.

Sauti safi, haikwaruzi. Kilonichekesha ni kava, wamebandika picha ya jamaa mweusi ana afro hilo, sijui hata ni nani. Bobby ni mzungu, kazaliwa New York 1951 akakulia Miami. Lakini kijana simlaumu sana, mchezo huu ulianzwa na kampuni ilomtolea Bobby nyimbo, TK Records. Albamu ya kwanza ya 1978 walichora kivuli tu, mtu na kofia yake kakaa kwa benchi, sababu wateja wao wengi walikua wasikilizaji wa redio za weusi wakaogopa wakimuona watamkataa. Siku alofungulia shoo ya mwimbaji Natalie Cole kule Cleveland ukumbi mzima ulinyamaza alipotokea, akaimba, wakamkubali hivohivo. Wimbo wake What You Won't Do for Love ukafika nambari 9 Marekani.

Mie nlimjulia kwa matatu. Do for Love ya rapa 2Pac ilikua yapigwa matatu za Bamburi mpaka vioo vyatetema, miaka yote nadhani ile tyuni ni ya 2Pac, kumbe ya huyu mzee! Rapa Common kwa wimbo wake The Light kachukua kwa Bobby, rapa Biggie naye kachukua My Flame ya Bobby.

Open Your Eyes ya Bobby isikize usiku ukiwa umekwama foleni ya feri Likoni, madirisha wazi. Hapigi kelele huyu mtu, sauti yapanda polepole kama maji yajaa, ukishtuka yamekufika shingoni. Nliirudia mpaka nkapigiwa honi.

Makosa yapo. Nyimbo tatu zimejirudia kwa majina tofauti, na zile za bendi kubwa za albamu yake Blue Condition ya 1996 hakuna hata moja. Halafu The Next Time I Fall kaitia folda ya Bobby na walioimba ni Peter Cetera na Amy Grant, 1986, ila Bobby ni mmoja wa walioiandika so hapo kijana kakosea akapatia.

Nampa nyota nne. Bobby mwenyewe alifariki Machi 2023, ana miaka 71, na juzi nlirudi pale na picha yake kwa simu nimuonyeshe kijana abadilishe kava. Akaitazama, akanirudishia simu. "Huyu siye bro, wakudanganya. Sauti ile ya mzungu wapi?"