Fundi kompyuta wa Sinza, nampa nyota nne

Nilifika kwa huyu dogo nikiwa nimeshaliwa elfu ishirini Kariakoo. Laptop yangu ina Ubuntu (mfumo wa Linux, si Windows), nilihamisha picha za kazi kutoka diski ya nje na kwa uvivu wangu nikatumia sudo, ile komandi ya kufanya kitu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta, basi kila nikitaka kuzihariri naambiwa Permission denied, yaani sina ruhusa. Fundi wa kwanza hata hakuangalia tatizo ni nini, akapiga sudo chmod -R 777, komandi ya kubadili ruhusa za mafaili, kwenye home nzima (folda yenye vitu vyangu vyote), picha zikakubali, nikalipa nikapanda daladala najiona nimemaliza. Usiku nataka kuingia kwenye seva ya mteja, ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) ikagoma, eti faili la ufunguo wangu liko wazi mno, kila mtu anaweza kulisoma. Aisee nilichoka.

Kesho yake ndo nikaenda Sinza. Kibanda kidogo, feni inapiga kelele, kiti kimoja na kina mtu. Ila dogo kabla hajagusa chochote akaandika ls -l, komandi ya kuorodhesha mafaili na ruhusa zake, akanionyesha drwxrwxrwx, "dada ona, hiyo d ni folda, tatu zinazofuata zako, tatu za kundi, tatu za kila mpita njia". Kusoma (r) 4, kuandika (w) 2, kuendesha (x) 1, ukijumlisha unapata 7, kwa hiyo 777 ni kumwachia kila mtu kila kitu. Halafu akasema "na hizi picha mwenye nyumba bado ni root, yule msimamizi mkuu, wewe mpangaji tu", kumbe ilitakiwa chown -R, komandi ya kubadili mwenye mafaili, kwa jina langu toka mwanzo, basi!

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia sasa si urudishe 644 kote (mimi nisome na kuandika, wengine wasome tu), akacheka, folda ikikosa x huingii ndani hata kama ni yako. Akatumia find, komandi ya kutafuta, folda zote 755, mafaili 644, halafu .ssh, folda inayokaa ufunguo, akaipa 700 na ufunguo 600. Tukajaribu kwa hotspot ya simu yangu maana wifi hana, ikaingia hapo hapo.

Elfu kumi na tano tu. Nyota moja nimeibana kwa sababu aliniambia saa mbili asubuhi akaja saa nne, bila hata kusema samahani, na risiti hatoi. Ila zile komandi kaniandikia kwenye kipande cha boksi la chaja, kipo hapa mezani.