Foldscope, hadubini ya karatasi: nimeitumia miezi saba sasa

Nianze na malaria maana ndo swali ninaloulizwa kila nikiitoa mfukoni. Hapana, vijidudu vya malaria usitegemee kuviona na hii. Lenzi yake ya kawaida inakuza mara 140, wakati kule maabara ya hospitali damu inapakwa kwenye kioo, inatiwa rangi, linawekwa tone la mafuta halafu wanaangalia kwa mara 1,000. Kama unaitaka ya kupimia watu nyumbani hela yako itunze.

Mi mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata. Hadubini tunazo mbili, moja kioo kimeota ukungu, ile nzima inakaa kabatini na ufunguo anao mtu mmoja, mwanafunzi anaiona siku ya praktikali tu, foleni, sekunde kumi sogea mwenzio aone. Hiyo ndo sababu niliinunua.

Inakuja bapa kama bahasha, karatasi ngumu isiyoloa maji, unabandua vipande unakunja kwa kufuata rangi. Nilikunja usiku nikajiona fundi, kumbe lenzi nimeiweka kinyume, nikalala na hasira. Asubuhi mwanangu wa darasa la sita akaifumua akaikunja upya wala hakuniuliza kitu. Lenzi yenyewe ni kitufe cha kioo kidogo kuliko punje ya mtama, na ujanja wote uko hapo, yaani duara la kioo likiwa dogo linakunja mwanga zaidi na linakuza zaidi. Si jambo jipya, Leeuwenhoek muuza vitambaa wa kule Delft, Uholanzi, aliona vijidudu kwa lenzi moja tu tangu miaka ya 1670. Ila jicho inabidi uligandishe kabisa, kope zinagusa, unasogeza slaidi kwa vidole gumba na fokasi unaivuta kidogo kidogo. Na tafadhali elekeza dirishani au kwenye taa, JUA usiliangalie kabisa, wanafunzi nawaambia hili kila siku.

Ngozi ya kitunguu tuliangalia, sawa, seli zimepangana kama tofali, basi. Moto uliwaka siku tulipochota maji ya pipa la nyuma ya jiko tukapata viluwiluwi wa mbu. Unaiona mirija miwili ya hewa imepita mwili mzima mpaka kwenye kile kimrija cha mkiani anachopumulia, unaona mpaka chakula kikisukumwa tumboni. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyamaza muda mrefu jicho likiwa palepale, halafu akaniuliza, "Mwalimu, ndani ya pipa walikuwa wananing'inia kichwa chini, mbona hawazami?" Aisee. Mvutano wa uso wa maji nimeufundisha miaka tisa kwa wembe unaoelea, kumbe jibu liko kwenye pipa. Ncha ya kile kimrija haishiki maji, kwa hiyo uso wa maji unambeba kama anavyobebwa ule wembe, na ndo maana ukimwaga mafuta juu mvutano unapungua na njia ya hewa inaziba, anakufa. Tukajaribu na sabuni kwenye glasi, tukawaona wakizama mmoja mmoja.

Sasa naelewa kwa nini aliyeibuni hadubini hii si daktari wala mtu wa baiolojia ya kukariri majina. Manu Prakash ni mwanafizikia, kazaliwa Meerut India, kasoma kompyuta chuo cha IIT Kanpur hukohuko, akaenda chuo cha MIT Marekani, 2007 akaonyesha mapovu ndani ya vimfereji yanaweza kufanya hesabu kama saketi za kompyuta, na tangu 2011 ana maabara yake Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Foldscope walitoa maelezo yake 2014 na Jim Cybulski na wenzao. Anachosoma ni viumbe hai kama mashine za fizikia. 2019 yeye na wenzake walieleza kijidudu cha majini, Spirostomum, kirefu kama kauzi, kinajikunja kikawa chini ya nusu ya urefu wake kwa sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde, na maji yanayosukumwa yanamshtua jirani naye anajikunja, jirani wa jirani hivyohivyo, taarifa inakimbia kwa kasi mara mia kadhaa ya mwendo wao wa kuogelea. Bila neva wala ubongo!

Na kuna la jirani zetu hapa. Alipoenda Uganda alikuta sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu kwa kasi ili itengane, imefanywa kizuizi cha mlango maana umeme hakuna. Akarudi akachunguza kile kidude tulichochezea wote, kizibo cha soda kilichobondwa, tundu mbili, uzi, unavuta kinavuma. 2017 yeye na wenzake wakatoa sentrifuji ya karatasi, vifaa vya senti 20 za Marekani, inafika mizunguko 125,000 kwa dakika. Nilipowaambia wanafunzi darasa zima lilianza kutafuta vizibo, kipindi kikaishia hapo.

Kasoro? Katikati picha safi, pembeni inafifia, tabia ya lenzi ya duara hiyo. Mkono ukitetemeka kijidudu kimepotea dakika tano. Kuna sumaku ya kubandika kwenye simu ili darasa lote lione, ila kava nene inakataa, na sumaku moja nimeshaipoteza mwenyewe. Bei nayo, vifaa walisema havifiki dola 1, kinachokufikia huku kina nauli na ushuru juu, na mzigo wetu ulizunguka wiki sita bila mtu wa usafirishaji kupokea simu. Agizeni kwa pamoja mgawane nauli, sisi tulikuwa watatu.

Naipa nne kati ya tano. Sina hata ya kupiga picha leo maana yule binti kaiazima wikiendi, kwao wanalima mpunga, kaondoka nayo na chupa tatu tupu.