Bushi za stebilaiza: raba au poliurethani?

Gari likipita matuta ya Kongowea na kugonga ko-ko-ko mbele, usikimbilie kulaumu shokomzoba. Langu lilikuwa na bushi iliyokwisha, ile pete inayoshika stebilaiza (fimbo ya chuma inayozuia gari lisilale sana kwenye kona): tundu limepanuka mpaka ncha ya kidole inapenya kati ya raba na chuma.

Raba ni nafuu, kimya, haitaki grisi. Ila mafuta ya injini yakiidondokea huvimba na kulainika. Poliurethani, aina ya plastiki, ni ngumu, hudumu zaidi, na gari halilali sana kwenye kona. Lakini ikikosa grisi ya silikoni hulia kama kitanda cha kamba. Kwa safari za Nyali na kurudi, mimi natia raba.

Vyovyote vile, badilisha pande zote mbili, na vibano vya bushi vilivyoliwa na chumvi ya bahari fundi asivirudishe.