Dai la magoti na viungo VA: itumie huduma hii, ila ripoti ya kipimo ikague mwenyewe

Kwa aliyewahi kuwa askari wa Marekani na akatoka jeshini na magoti, mabega au mgongo unaouma, fidia ya ulemavu ya Idara ya Maveterani (VA) ni huduma tunayoipendekeza bila kusita. Kudai ni bure, malipo hayakatwi kodi ya mapato, na kanuni zake za viungo ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye uchunguzi wa daktari, na humo ndimo madai mengi yenye haki yanamopotelea. Wanaotuhusu hasa ni vijana wa Afrika Mashariki waliovaa sare hizo, wakiwemo walioingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi kama wa lugha, ulioanza 2008 na uliohesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Mwanzo wa safari tunausifu. Fomu 21-0966 ya kusudio la kudai inakushikia tarehe kwa mwaka mzima wakati unakusanya karatasi. Dai lenyewe, fomu 21-526EZ, likikubaliwa, malipo huhesabiwa tangu tarehe hiyo. Aliye bado jeshini anaweza kudai akibakiwa na siku 180 hadi 90 za utumishi, na asiiache nafasi hiyo impite, kwa sababu kumbukumbu za hospitali ya jeshi bado ziko karibu.

VA inataka mambo matatu: ugonjwa ulio nao sasa, tukio au kazi ya jeshini, na maoni ya daktari kwamba uwezekano wa hilo kusababisha hili haupungui nusu kwa nusu. Baridi yabisi ikijitokeza kwa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, sheria huchukulia kwamba imetokana na utumishi, mradi ulitumikia angalau siku 90. Kwa hiyo piga eksirei mapema, maana chini ya kanuni 5003 ya jedwali la VA la viwango vya ulemavu, kuchakaa kwa viungo lazima kuthibitishwe kwa picha. Faili lenye miaka mitano ya dawa za maumivu bila picha hata moja ni faili dhaifu. Kauli za mke, mume au askari mwenzako zina uzito, lakini ziandikwe kwa Kiingereza au ziambatane na tafsiri.

Viwango vya goti hufuata nyuzi. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Likiishia 45 ni asilimia 10, likiishia 30 ni 20, likiishia 15 ni 30. Kunyoosha kuna hesabu yake: goti linalobakiza nyuzi 10 kabla ya kunyooka hupata asilimia 10, na linalobakiza 15 hupata 20. Kukunja, kunyoosha na kuyumba kwa goti vinaweza kupewa viwango tofauti kwa goti lile lile, mradi dalili moja isilipwe mara mbili. Na hata goti likikunjika vizuri lakini kwa maumivu, kifungu 4.59 cha kanuni hizo za VA kinalipa angalau kiwango cha chini kabisa cha kulipwa cha kiungo hicho. Kifungu hiki ndicho tunachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika sana kwenye barua za uamuzi.

Sasa uchunguzi. Mara nyingi hufanywa na daktari wa kampuni yenye mkataba na VA, tena kwa haraka. Kanuni zinadai goniometa, yaani kifaa cha kupimia nyuzi za kiungo, kwa hiyo kukadiria kwa macho hakutoshi. Tangu hukumu ya mahakama katika kesi ya Correia ya 2016, kiungo kipimwe ukikisogeza mwenyewe, kikisogezwa na daktari, kikibeba uzito na kikiwa hakina uzito, na cha upande wa pili kipimwe pia kama ni kizima. Hukumu ya Sharp ya 2017 inamtaka daktari akadirie hali ya siku maumivu yanapochachamaa, hata kama siku ya kipimo umeamka vizuri.

Kosa la askari ni kuvumilia. Anauma meno, anakunja goti hadi mwisho, na ripoti inaandika mwendo kamili. Sema pale pale maumivu yanapoanza. Eleza yanachachamaa mara ngapi kwa mwezi, kwa muda gani, na siku hiyo unashindwa nini: ngazi, kuendesha gari, kuchuchumaa. Usiongeze chumvi, maana maneno yako yatalinganishwa na faili. Baadaye omba nakala ya ripoti uangalie kama vipimo vyote vimejazwa. Usipotokea kwenye uchunguzi bila sababu ya msingi, dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo, na dai la kuongezewa kiwango hukataliwa.

Hesabu ya jumla huwachanganya wengi kwa sababu asilimia hazijumlishwi kawaida. Chukua bega lenye 30 na magoti mawili yenye 10 kila moja. Magoti yanaungana kuwa 19 (10 ya kwanza, kisha asilimia 10 ya 90 zilizobaki, yaani 9), na kwa kuwa ni viungo vya pande mbili, huongezwa sehemu ya kumi: 20.9, yaani 21. Ukiiunganisha na 30 unapata 45, inayopandishwa hadi 50. Nyongeza hiyo ikisahaulika, unaishia 43, inayoshushwa hadi 40. Kwa viwango vya 2025, asiye na wategemezi alilipwa dola 774.16 kwa mwezi kwa asilimia 40 na dola 1,102.04 kwa 50. Ikague hesabu hiyo kwenye barua yako.

Ukikataliwa una mwaka mmoja kulinda tarehe yako. Kama ripoti ndiyo mbovu lakini ushahidi unatosha, fomu 20-0996 humpa mkaguzi wa juu faili lile lile bila ushahidi mpya. Kama kinachokosekana ni eksirei au barua ya daktari, tumia fomu 20-0995, ya dai la nyongeza lenye ushahidi mpya. Rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, huchukua muda mrefu zaidi.

Msaada wa mashirika ya maveterani yaliyoidhinishwa kama DAV na American Legion ni bure. Sheria hairuhusu mtu yeyote kukutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza, hivyo kampuni inayotaka sehemu ya malipo yako kwa kazi hiyo ikimbie.

Aliyerudi kuishi Mombasa au Arusha hapotezi fidia. Matibabu hulipiwa kupitia FMP, mpango wa VA wa matibabu nje ya Marekani, lakini kwa ugonjwa uliokubaliwa tu. Goti la kulia likichakaa kwa sababu unaliegemea kuliokoa la kushoto lililokwisha kukubaliwa, lidai kama tokeo la lile la kwanza kabla ya kuanza kulipa bili zake mfukoni.